Maleba Yakishafuliwa

Msimu wetu hufungwa na mitihani. Tangu mwishoni mwa muhula wa kwanza hadi mwanzoni mwa muhula wa tatu, vikundi vidogo vya maigizo vya Nairobi huwa barabarani, vikizunguka shule za upili na tamthilia teule ambazo watahiniwa wa kidato cha nne wanatakiwa kuzijua. Asubuhi mko Thika, alasiri mko Murang'a. Jukwaa ni ukumbi wa kulia chakula ambao bado unanukia maharagwe, na hadhira ni mamia ya vijana waliokwisha kuisoma hadithi nzima na wanaongoja kuona kama mtaruka ukurasa. Oktoba ikiingia, mambo hukatika ghafla. Shule hujifungia na karatasi za mtihani, gari la kukodi hurudi kwa mwenyewe, na watu saba waliokula na kulala pamoja kwa miezi hushuka mjini, kila mmoja na begi lake, wakaagana kana kwamba wataonana kesho.

Kipindi kinachofuata ndicho ninachotaka kukisifu. Waandishi wa magazeti huja usiku wa kwanza wa onyesho. Huja na kamera, huandika nani aling'ara na nani alipwaya, na ni haki yao, kwa kuwa onyesho ni mali ya watu. Lakini ufundi ninaouheshimu kuliko wote katika sanaa hii hauna usiku wa kwanza. Ni ufundi wa kukiweka kikundi hai wakati hakuna tiketi inayouzwa: kutunza nguo, kutunza sauti, kutunza maneno, kutunza watu. Nimekaa na kikundi kimoja kidogo muda wa kutosha kuamini kwamba jukwaani tunatoa tu kile tulichokitengeneza miezi ile tuliyoonekana hatuna kazi.

Kazi ya kwanza ni kufua. Mtunza maleba wetu, ambaye sote tunamwita Mama, haruhusu mtu aende na vazi nyumbani kulifua mwenyewe, hata awe amelivaa mwaka mzima na anaapa kwamba analijua. Maleba yana uchafu wake. Shati la ofisini huchafuka kola na vikono. Shati la mwigizaji hulowa jasho mgongoni asubuhi, likakaushwa na upepo wa gari, likalowa tena alasiri, mpaka chumvi inajichora mistari myeupe chini ya kwapa. Mistari hiyo ikiachwa, kitambaa hukatika papo hapo msimu ujao, na hukatika mbele ya watu. Kitenge kipya huchuja rangi, kwa hiyo hulowekwa peke yake katika maji baridi yenye chumvi. Kanzu haikaribiani na leso nyekundu hata kwenye kamba. Nguo za rangi hugeuzwa ndani nje na kuanikwa kivulini, maana jua la Januari hula rangi upande mmoja, na mfalme aliyepauka bega la kushoto huonekana hadi safu ya nyuma.

Damu ni somo la pekee. Mchezo wenye mateso ya gerezani, kama Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, hauwezi kuigizwa kwa wanafunzi bila angalau shati moja lenye madoa, na shati hilo litahitajika tena safi baada ya saa tatu katika shule nyingine. Damu yetu hupikwa kwa sukari, unga wa kakao na rangi nyekundu ya chakula. Ile ya kumwagwa juu ya nguo huongezwa kijiko cha sabuni ya maji ili itoke kwa urahisi. Ile ya mdomoni haiongezwi kitu. Chupa ya kwanza hufungwa uzi, ya pili huachwa wazi, ili mtu azitofautishe kwa vidole katika giza la nyuma ya pazia. Doa hufuliwa kwa maji baridi. Ukilimwagia maji moto, umelipika. Nimewaona vijana waliokuja kwetu na shahada ya sanaa za maonyesho wakisimama karibu na karai la Mama kwa unyenyekevu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza, na walikuwa na sababu. Hakuna aliyewahi kuwafundisha hayo, na bila hayo hakuna onyesho la saa nane.

Baada ya kufua huja sindano. Nguo zetu nyingi zilinunuliwa Gikomba, katika mitumba, na fundi mwenye jicho hajali vazi linaonekanaje leo, huangalia ndani. Hugeuza koti, hupima kwa kidole upana wa kitambaa kilichobaki nyuma ya mshono, kwa sababu upana huo ndio utakaomwezesha kulipanua atakapokuja mwigizaji mwenye mabega mengine. Tuna koti moja jeusi la mkubwa wa nchi. Limevaliwa na Meya Sosi wa Cheneo katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, na baadaye likavaliwa na Majoka, yule mtawala wa Sagamoyo katika Kigogo ya Pauline Kea. Kati ya wanaume hao wawili palikuwa na tofauti ya kilo nyingi. Mama alilifumua mgongoni, akalipanua, akalibadilisha vifungo kutoka vya plastiki hadi vya shaba iliyong'arishwa, akalitia mifuko ya juu iliyokuwa haipo. Koti ni lilelile. Mwanafunzi aliyeliona likiwa la meya na akaliona tena likiwa la Majoka asingeweza kulitambua, lakini nadhani kitu fulani ndani yake kiliwatambua wale watu wawili kuwa ni ndugu.

Vifungo vyenyewe mara nyingi ni pambo. Nyuma yake kuna mkanda wa kunata au vishikizo vya chuma, kwa kuwa mwigizaji anayebadilisha vazi gizani hana muda wa tundu na kifungo. Zipu haziaminiki, zipu hukwama siku ambayo mkuu wa elimu wa kaunti amekaa mbele. Viatu ni vigumu kuliko yote. Nguo inaweza kupanuliwa na kubanwa, kiatu hakisikilizi. Kwa hiyo miezi hii hupelekwa kwa fundi wa viatu, kila jozi ikawekwa soli laini ya mpira, kwa sababu katika ukumbi wa saruji askari anayenyemelea kwa viatu vya kawaida husikika kabla ya kuonekana, na mwandishi wa tamthilia hakumtaka asikike.

Vifaa vya jukwaani hukaguliwa kwa namna hiyo hiyo. Fundi seremala wetu ni mwigizaji pia, na amechonga masanduku manne ya mbao nyembamba, kila moja likiwa dogo kuliko lenzake kiasi cha kuingia ndani yake. Yakipangwa hivi ni kiti cha enzi, yakipangwa vile ni kitanda cha Sara anayeumwa katika Bembea ya Maisha, yakisimamishwa ni ukingo wa kisima. Safarini hukaa yote manne katika nafasi ya moja. Aliyapima kwanza kwa buti la gari, kisha kwa mwili wa binadamu aliyeketi, na sijaona kazi ya mbao iliyofikiriwa kwa upendo zaidi. Wakati wa mapumziko huyakagua pembe kwa pembe, huyapiga msasa, hutia gundi palipoachana, na hupanda juu yake mwenyewe akaruka kabla ya kumruhusu mtu mwingine akanyage.

Mwishoni kila kitu huingia katika masanduku ya bati yaliyotengenezwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, yale yale ambayo wazazi huwanunulia watoto wanaokwenda shule za bweni. Chini hutandazwa majani makavu ya mwarobaini, katikati ya nguo huwekwa vidonge vya kufukuza nondo vilivyofungwa katika vipande vya kitambaa ili visiache alama, na juu huwekwa karatasi yenye orodha. Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya nguo huoza, isipokuwa kuna mtu anayefungua sanduku kila baada ya wiki chache, akatoa, akakung'uta, akakunja upya mahali pengine ili kunjo lisigeuke mpasuko. Mtu huyo hapigiwi makofi, na sijui kwa nini tumezoea hivyo.

Masanduku yanahitaji paa, na paa lina kodi. Katika mji huu vikundi vyenye jengo lao ni vichache mno. Phoenix Players, kampuni iliyokuwa ikionyesha michezo katika jumba la Professional Centre, Barabara ya Bunge, tangu miaka ya 1980, ilikuwa na jukwaa, viti vyake na mahali pa kutundika nguo zake, na hata hivyo milango yake ilifungwa mwaka 2017. Ukumbi wa Taifa, uliofunguliwa mwaka 1952 mkabala na hoteli ya Norfolk, ni wa kukodiwa kwa siku. Sisi wengine tunaishi katika vyumba vya nyuma vya watu. Masanduku yetu yako Ngara, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kodi yake hulipwa hata mwezi ambao hakuna aliyelipwa kitu. Tulikubaliana hivyo zamani: kodi ya stoo kwanza, kisha binadamu. Mgeni anaweza kuona huo ni ukatili. Lakini kikundi kilichouza maleba yake ili kile Desemba hakina cha kulia msimu ukianza.

Mwili wa mwigizaji nao ni sanduku, na una vitu ambavyo lazima vitolewe. Watu hudhani tatizo letu ni kukumbuka. Kukumbuka ni mazoezi tu. Mwenye subira hukumbuka. Ugumu uko katika kumwacha mhusika aondoke. Mwenzetu mmoja aliigiza mzee mwenye mguu mbovu kwa misimu miwili mfululizo, na Novemba alikuwa bado anashuka kwenye matatu kwa kutanguliza mguu ule ule, akiushika ubavu. Mwingine, binti mpole kabisa, alibaki na sauti ya ukali ya mwanamke aliyekuwa akimwigiza, na mdogo wake nyumbani akalalamika. Kwa hiyo wiki za kwanza za mapumziko tunakutana asubuhi mbili kwa wiki katika bustani ya Arboretum bila mswada wowote. Tunatembea. Kila mtu hutembea mwendo wake wa kuzaliwa, na wenzake humwangalia, wakamwambia palipobaki mtu mwingine: bega hilo si lako, umelitoa wapi? Ni kazi ya upole mwingi. Hakuna anayeweza kujiona mgongo, na ni lazima uwe na watu unaowaamini wakuambie ukweli wa mgongo wako.

Hapo hapo Arboretum hufanyika mazoezi ya sauti. Pana vikundi vya maombi vinavyoomba kwa nguvu chini ya miti, kwa hiyo hakuna anayeshangaa kuona watu saba wakiguna, wakipumua hadi kiunoni na kuita majina kutoka mti mmoja hadi mwingine. Shule nyingi hazina kipaza sauti cha kufaa, na nyingi zina paa la bati. Mvua ikianza kupiga bati, mwigizaji asiye na ujuzi hupiga kelele, sauti ikapanda juu ikashindana na mvua, na mvua hushinda. Aliyefunzwa hushusha sauti badala ya kuipandisha. Huiweka chini ya kelele ya bati, kifuani, akapunguza mwendo na kuzikata silabi moja moja mpaka zifike ukutani. Ujuzi huo haupatikani katika wiki tatu za mazoezi ya mchezo, wakati akili yote imeshikwa na maneno na nafasi za kusimama. Hupatikana miezi mitupu, kwa kurudia, na ukiachwa hutoweka kama inavyotoweka kasi ya mwanariadha aliyelala msimu mmoja.

Kisha kuna Kiswahili chenyewe. Baadhi yetu tulinyonya lugha hii pwani, wengine waliipata darasani wakiwa na Kikuyu, Dholuo, Kikamba au Kiluhya nyumbani, na wote tunasimama mbele ya vijana watakaotahiniwa kwa lugha hiyo na walimu wanaosahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo jioni fulani fulani hutengwa kwa ajili ya matamshi. Mtu husoma ukurasa wa gazeti kwa sauti, wengine husikiliza dh na th, gh na kh, r na l. Hakuna anayecheka. Anayetoka Lamu hurekebisha mwenzake wa Nyeri, na mwenzake wa Nyeri, ambaye sarufi yake ya darasani haina mfano, humrekebisha wa Lamu katika upatanisho wa ngeli. Nimejifunza Kiswahili changu bora katika jioni hizo, na ninawaheshimu wale wenzangu kwa saburi yao kuliko ninavyoweza kueleza.

Bila shaka watu wanapaswa kula. Januari hadi Machi wengi wetu huitwa na shule kuandaa michezo ya tamasha la kitaifa la drama, tamasha lililoanza mwaka 1959 na ambalo limewapa riziki na mwanzo wasanii wengi wa nchi hii. Wengine huongoza sherehe za harusi, wengine husoma matangazo ya redio, wengine huingia mitaani na mashirika yanayotumia maigizo kuzungumzia afya au uchaguzi. Wengine huenda kwenye televisheni, na hawa mara nyingine hawarudi. Siwalaumu hata kidogo. Televisheni hulipa mwisho wa mwezi. Lakini kila anayeondoka huondoka na kitu ambacho orodha ya sandukuni haiwezi kukionyesha: ujuzi wa jinsi ya kuvuta pumzi kabla ya sentensi fulani ili mwenzake apate nafasi ya kugeuka. Atakayekuja badala yake atakuwa mzuri, labda mzuri zaidi, na itatuchukua mwaka kupumua naye.

Ndiyo maana kutunza watu ni sehemu ngumu zaidi ya ufundi huu, na ndiyo inayofanywa vibaya na vikundi vingi. Wakati wa msimu hakuna muda wa kugombana. Gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Ugomvi wote huahirishwa, nao haupungui kwa kuahirishwa. Gari likisharudishwa, hufumuka: nani alilipwa nusu, nani alipewa nafasi iliyokuwa imeahidiwa mwingine, nani alimkatiza mwenzake maneno mbele ya wasichana wa shule fulani. Sisi tuna desturi ambayo naisifu bila kujizuia. Katika mkutano wa kwanza baada ya msimu, hesabu husomwa kwa sauti, shilingi kwa shilingi, mafuta, chakula, kodi ya stoo, stakabadhi zikiwa mezani kwa yeyote kuzishika. Zikishasomwa hizo, kila mtu hupewa nafasi ya kusema lililomkaa kooni, na mwenye kuambiwa haruhusiwi kujibu siku hiyo. Hujibu wiki inayofuata. Wiki hiyo moja imeokoa kikundi chetu mara nyingi, kwa sababu mtu huenda nyumbani na hasira yake, akaigeuza, akaona imechakaa.

Tuna chama pia, mchango mdogo wa kila wiki unaozunguka, na kila mwenye msiba hatumwachi aende peke yake. Tumewahi kusafiri hadi Siaya kumzika baba wa mwenzetu bila kuwa na mchezo wala matarajio ya mchezo. Tulipofika tuliombwa tuimbe, tukaimba. Sidhani kuna mazoezi yaliyowahi kutufundisha kusikilizana kuliko usiku ule wa matanga.

Siwezi kuandika juu ya haya bila kuitaja Kamĩrĩĩthũ, kwa sababu pale ndipo nchi hii ilipoonyeshwa wazi kwamba mazoezi na matayarisho yana thamani yake yenyewe. Wanakijiji wa sehemu hiyo karibu na Limuru, wakulima na vibarua, walikuwa na kituo cha elimu na utamaduni. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwaandikia mchezo wa Ngaahika Ndeenda, wanakijiji wakausahihisha mswada, wakajijengea kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanywa hadharani. Aliyepita njia alisimama, akatazama, akasema mzee hashiki jembe hivyo, na kweli mzee akabadilisha. Onyesho lilifunguliwa Oktoba 2, 1977. Novemba 16 likapigwa marufuku, na kabla mwaka mpya haujaingia Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekamatwa.

Miaka iliyofuata hawakuwa na mchezo. Kwa kipimo cha kawaida, kikundi kile kilikuwa kimekwisha: mwandishi kizuizini, leseni imefutwa. Lakini walipoitwa tena kwa ajili ya Maitũ Njugĩra, walikuja, na walijua la kufanya. Mapema mwaka 1982 walipofika Ukumbi wa Taifa kuonyesha mchezo huo, walikuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, hatua chache kutoka hapo, wakaendelea na mazoezi, na maelfu ya watu wakaja kuyatazama mazoezi hayo usiku baada ya usiku, wamejaa hadi madirishani, mpaka hayo nayo yakakatazwa. Machi mwaka huo polisi waliubomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ. Mchezo ule haukuwahi kufunguliwa rasmi. Wanaoisimulia habari hii husimulia kubomolewa, na ni sawa, kwa maana dhuluma ile isisahauliwe. Mimi hurudi kila mara kwenye miaka ile ya katikati. Kuna watu waliotunza nyimbo, waliokumbuka nani husimama wapi, waliopitiana nyumbani kujuliana hali baada ya vibarua. Majina yao mengi hayamo vitabuni. Bila wao asingepatikana mtu wa kuitwa.

Halafu siku moja mswada huingia chumbani. Kitabu teule kimebadilishwa, au mwelekezi amechoka na vitabu teule na anataka jambo jingine kwa ajili ya mjini. Tunasoma kwa kuzunguka meza, kila mtu mistari kumi, bila kujali mhusika ni nani. Desturi hii ni muhimu: ukisoma mistari ya kila mtu kabla ya kupewa yako, unaupenda mchezo kabla ya kujipenda ndani yake. Usomaji wa kikundi kidogo una macho mawili. Jicho moja hutafuta uzuri, jingine huhesabu. Amezidi ya Said Ahmed Mohamed hupendwa na vikundi kama chetu kwa mawazo yake, na pia kwa sababu uzito wake wote uko juu ya Ame na Zidi, watu wawili na pango. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambayo kila mmoja wetu anaota kuiigiza, inataka wapiganaji, wanawake wa kijiji, askari, na mtu anayetoka mtoni akiwa mkavu. Tumeisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho mapumziko mawili tofauti tukijua hatuna watu wa kutosha, na sioni kwamba muda huo ulipotea. Maneno ya Hussein hunyoosha ulimi na mgongo hata usipoyapeleka jukwaani.

Safari hii mswada una wahusika kumi na wanne. Sisi ni saba. Mwelekezi aligawa nafasi kwenye karatasi, mbili kwa kila mtu, na mahesabu yakakubali isipokuwa sehemu moja, onyesho la tatu, ambapo mwigizaji yule yule lazima atoke akiwa mlinzi na aingie akiwa chifu. Aliangalia upande wa Mama, aliyekuwa kimya kwenye kona akishona upindo wa gauni lisilohusiana na mchezo wowote.

"Mama, itawezekana?"

"Nisomee yanayosemwa katikati," alisema, "polepole, kama yatakavyosemwa siku yenyewe."

Tulimsomea. Alihesabu kwa sindano, akigonga goti kila mstari unapoisha. Mistari kumi na minne, na katikati yake wimbo wa ubeti mmoja.

"Mlinzi avae suruali ya chifu tangu mwanzo, koti refu liifiche," alisema. "Joho nitalifungua mgongo wote nilitie mkanda wa kunata. Kofia aishike mkononi, aivae akishaingia, ndivyo machifu hufanya. Mkiniongezea ubeti wa pili wa ule wimbo nitambadilisha na viatu."

Mwandishi, aliyekuwa amekaa nasi mezani, alichukua kalamu akaanza kuandika ubeti wa pili.